Madhabahu Ilivyohama: Historia ya Dhabihu katika Israeli ya Kale

Kila mwaka Elkana, mtu wa nchi ya milima ya Efraimu, alipanda kwenda Shilo pamoja na wake zake wawili. Huko alichinja, kisha akagawa nyama: mafungu kwa Penina na kwa kila mtoto wake, na fungu kwa Hana ambaye hakuwa na mtoto. Hana alichokozwa na mke mwenzake mpaka akalia na kushindwa kula. Mkasa huu unaofungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli huhubiriwa sana kwa ajili ya sala ya Hana, lakini kabla ya sala kuna mlo. Familia imesafiri, mnyama amechinjwa, Mungu amepewa sehemu yake, na watu wanakula mbele zake.

Naanza na mlo huo kwa makusudi. Wengi wetu tumezoea kuisoma dhabihu ya Israeli kuanzia mwisho wake, tukitafuta ndani yake kifo tu na adhabu, na hivyo tunakipita upesi kitabu cha Walawi kana kwamba ni kumbukumbu za machinjioni. Waliotoa sadaka hizo walikuwa wakitafuta jambo jingine: Mungu akae karibu nao, na wao waweze kukaa karibu naye bila kuangamia. Namna ya kulipata jambo hilo haikubaki ile ile. Ilibadilika kila mara madhabahu ilipohama.

Kabla ya wafalme: udongo na mawe yasiyochongwa

Israeli haikuvumbua dhabihu. Mwaka 1929 wachimbaji wa Kifaransa walianza kufukua Ugarit, mji wa pwani ya Syria ulioangamia mwanzoni mwa karne ya 12 KK. Katika vibao vya udongo vilivyopatikana humo zimo orodha za ng'ombe na kondoo waliotolewa kwa miungu, na baadhi ya majina ya sadaka hizo ni ndugu wa majina ya Kiebrania, hasa lile la sadaka ya amani. Huko Babeli watu waliamini kwamba miungu hula kwelikweli. Meza iliandaliwa mbele ya sanamu asubuhi na jioni, na katika simulizi lao la gharika miungu inateseka kwa njaa kwa sababu watu wa kuitolea sadaka wamezama.

Waisraeli walirithi lugha hiyo ya chakula bila kurithi imani yote iliyokuwa nyuma yake. Kitabu cha Walawi bado kinaziita sadaka chakula cha Mungu. Hata hivyo, mikate kumi na miwili iliyowekwa mbele za Mungu kila Sabato ililiwa na makuhani, na Zaburi ya 50 inakataa katakata kwamba Mungu huona njaa. Kilichopanda juu kilikuwa moshi na harufu.

Madhabahu za kwanza hazikuwa na fahari. Sheria ya kitabu cha Kutoka inaagiza madhabahu ya udongo, au ya mawe ambayo chombo cha chuma hakijayagusa, tena popote Mungu atakapolikumbusha jina lake. Baba wa nyumba alitosha kuwa mtoaji: Gideoni aliweka nyama juu ya mwamba, na Manoa, babaye Samsoni, akafanya vivyo hivyo kondeni. Katika enzi hiyo kuchinja mnyama wa kufugwa na kumwabudu Mungu vilikuwa karibu tendo moja, kwa sababu nyama ilikuwa adimu na haikuliwa kila wiki.

Kosa la wana wa Eli, Hofni na Finehasi, linaeleweka vizuri ndani ya mazingira hayo. Desturi ya Shilo ilikuwa mtumishi wa kuhani aje na uma wa meno matatu wakati nyama inatokota, auchovye chunguni, na chochote kitakachonaswa kiwe cha kuhani. Vijana wale hawakuridhika. Walimtuma mtumishi adai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na mtoaji alipoomba Mungu apewe kwanza sehemu yake, walimtishia kumnyang'anya. Walijiketisha mezani kabla ya Mwenye nyumba.

Karibu 950 hadi 722 KK: hekalu la mfalme na madhabahu nyingi

Sulemani alijenga hekalu Yerusalemu katikati ya karne ya 10 KK, na dhabihu ikaingia katika himaya ya mfalme. Alipokufa ufalme uligawanyika, na Yeroboamu wa kaskazini akatambua mara moja kwamba watu wakiendelea kupanda Yerusalemu na sadaka zao, mioyo yao nayo itarudi kwa nyumba ya Daudi. Akaweka ndama wa dhahabu Betheli na Dani. Huko Dani wachimbaji wakiongozwa na Avraham Biran, walioanza kazi mwaka 1966, walifukua jukwaa kubwa la mawe na ua wa ibada.

Hata kusini, ndani ya ufalme wa Yuda wenyewe, Yerusalemu haikuwa peke yake. Katika ngome ya Aradi, ukingoni mwa jangwa la Negebu, Yohanan Aharoni alifukua hekalu dogo katika miaka ya 1960. Lilikuwa na ua, madhabahu ya mawe yasiyochongwa, na chumba cha ndani ambacho madhabahu mbili ndogo za chokaa zilikutwa zimelazwa ubavu na kufukiwa kwa uangalifu. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Eran Arie walitangaza matokeo ya kupima masalio meusi yaliyobaki juu yake: kwenye ile kubwa ubani uliochanganywa na mafuta ya wanyama, na kwenye ile ndogo bangi iliyochanganywa na samadi ili iungue polepole. Hili lilifanyika katika karne ya 8 KK, chini ya wafalme wa nyumba ya Daudi. Huko Beer-sheba mwaka 1973 Aharoni huyo huyo alikuta mawe ya madhabahu yenye pembe nne yakiwa yamejengewa ndani ya ukuta wa ghala. Mtu alikuwa ameivunja madhabahu na kuyatumia mawe yake, na wengi huliunganisha jambo hilo na mfalme Hezekia, ambaye Biblia inasema aliondoa mahali pa juu, yaani madhabahu za vilimani.

Karne hiyo hiyo ndiyo ya Amosi, Hosea, Isaya na Mika. Amosi, mchungaji wa Tekoa, alikwenda hadi Betheli na kutangaza kwamba Mungu anazichukia sikukuu zao na hazipendi harufu za makusanyiko yao. Isaya akasema vivyo hivyo juu ya Yerusalemu: Mungu ameshiba mafuta ya wanyama walionona. Wasomaji wengi wa karne ya 19 walihitimisha kwamba manabii walitaka dini isiyo na dhabihu kabisa. Mimi siafiki. Isaya katika hotuba hiyo hiyo anazikataa sala pia, na hakuna anayedhani alitaka kufuta sala. Kilichowachoma manabii ni mali yenyewe iliyoletwa madhabahuni. Amosi anawataja watu wanaojinyosha kando ya madhabahu juu ya mavazi waliyoyashika rehani kwa maskini, wakinywa divai ya waliotozwa faini. Mlo wa pamoja mbele za Mungu ulikuwa umekuwa karamu ya waporaji, na aliyeporwa hakualikwa.

Ndani ya kitabu cha Walawi

Sheria za makuhani zilizokusanywa katika Walawi ni vigumu kuzipa tarehe moja. Mjerumani Julius Wellhausen, mwaka 1878, alidai kwamba ziliandikwa baada ya uhamisho wa Babeli; wengine, akiwemo Jacob Milgrom, wamezirudisha nyuma zaidi. Mabishano hayo hayajaisha. Yaliyomo ni wazi zaidi kuliko tarehe yake, na hapa inafaa kwenda polepole.

Zipo sadaka za aina tano. Ya kuteketezwa ilipanda yote motoni, ila ngozi ilikuwa ya kuhani. Ya unga ililetwa na mafuta na ubani. Chumvi ilikuwa lazima, chachu na asali marufuku motoni. Katika sadaka ya amani damu na mafuta vilikwenda madhabahuni, kidari na paja la kuume kwa makuhani, na mwili uliobaki ukarudi kwa mtoaji na watu wake. Kisha kuna sadaka ya dhambi na sadaka ya hatia.

Tumtazame mtu wa kawaida aliyeleta mbuzi. Alimfikisha mlangoni pa hema ya kukutania, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mnyama, kisha akachinja mwenyewe. Kazi ya kuhani ilianza damu ilipotoka: aliikinga kwa chombo na kuipeleka madhabahuni. Akatoa mafuta yaliyofunika matumbo, figo mbili na kitambi cha ini, akaviteketeza. Damu na mafuta havikuliwa na yeyote. Damu ilihesabiwa kuwa ndiyo uhai wa mnyama, na uhai haukuwa mali ya mchinjaji.

Katika sadaka ya shukrani nyama ilipaswa kuliwa siku ile ile, na katika sadaka ya nadhiri kabla ya siku ya tatu; iliyosalia iliteketezwa. Anayejua uzito wa ng'ombe anaelewa maana yake. Hakuna nyumba inayoweza kummaliza ng'ombe kwa siku moja, kwa hiyo mwenye kushukuru alilazimika kuita jirani, mgeni na maskini. Sheria haikusema neno juu ya ukarimu. Ilipanga muda tu, na muda ukafanya kazi yake.

Sadaka ya dhambi ndiyo iliyoeleweka vibaya zaidi. Milgrom, katika ufafanuzi wake mkubwa wa Walawi uliotoka kati ya 1991 na 2001, alionyesha jambo ambalo mtu akishaliona hawezi tena kulisahau: damu ya sadaka hiyo haikupakwa mkosaji. Ilipakwa vifaa vya patakatifu. Mtu wa kawaida akikosa bila kukusudia, damu ilipakwa pembe za madhabahu ya uani. Kuhani mkuu au taifa zima likikosa, damu iliingia ndani, ikanyunyizwa mara saba mbele ya pazia na kupakwa madhabahu ya uvumba. Na mara moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, ilifika nyuma ya pazia, penye kiti cha rehema, kwa ajili ya makosa ya ukaidi. Dhambi ya watu ilihesabiwa kuwa uchafu unaoruka na kuing'ang'ania nyumba ya Mungu, na kadiri mkosaji alivyokuwa mkubwa ndivyo uchafu ulivyopenya ndani. Nyumba ikijaa uchafu, Mwenye nyumba ataondoka. Damu iliisafisha ili abaki. Na mnyama aliyebebeshwa dhambi waziwazi, yule mbuzi wa Azazeli, hakuchinjwa. Alipelekwa jangwani akiwa hai.

Sadaka ya hatia ilikuwa na masharti ambayo natamani yangejulikana zaidi. Aliyemdhulumu mwenzake, akakana amana au kuficha kitu kilichopotea, alipaswa kwanza kurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano ya thamani yake. Baada ya hapo ndipo kondoo dume wake alipokelewa. Maskini naye hakusahauliwa: asiyeweza mwana-kondoo alileta hua au njiwa wawili, na asiyeweza hata hao alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga, bila mafuta wala ubani. Unga huo mkavu ulihesabiwa kuwa sadaka ya dhambi kamili, ingawa hapakuwa na tone la damu.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Mary Douglas aliwasili kwenye kurasa hizi kwa njia ya Kongo. Aliishi na Walele wa Kasai, akajifunza kwa nini kakakuona ana nafasi ya pekee katika ibada yao, na maswali hayo yakampeleka kwenye sheria za wanyama za Walawi katika kitabu chake cha mwaka 1966. Katika kitabu kingine, cha mwaka 1999, alidai kwamba mwili wa mnyama wa sadaka, hema ya kukutania na mlima Sinai vimepangwa kwa mfano mmoja wa sehemu tatu, ya ndani kabisa ikiwa ya Mungu peke yake. Si wote waliokubali, lakini baada yake ilikuwa vigumu kusema kwamba sheria hizo ni mabaki ya ushamba.

622 KK: madhabahu moja tu

Badiliko kubwa kuliko yote kabla ya Wababeli kuliteketeza hekalu lilifanywa na mfalme Yosia wa Yuda. Mwaka 622 KK kuhani mkuu Hilkia alitangaza kwamba ameona kitabu cha torati hekaluni. Wataalamu wengi, tangu mwanzo wa karne ya 19, wanakitambua kitabu hicho kuwa kiini cha Kumbukumbu la Torati, chenye sharti kwamba sadaka zitolewe mahali pamoja tu. Yosia akanajisi mahali pa juu kuanzia Geba hadi Beer-sheba, akaivunja madhabahu ya Betheli, akaharibu Tofethi katika bonde la Hinomu, ambako watoto walipitishwa motoni. Makuhani wa vijijini waliruhusiwa kula mikate pamoja na ndugu zao, lakini si kuikaribia madhabahu ya Yerusalemu.

Swali la vitendo likazuka mara moja. Mkulima wa Beer-sheba akitaka nyama, asafiri siku kadhaa? Kumbukumbu la Torati, sura ya 12, inamjibu: achinje nyumbani na kula kama alavyo paa na kulungu, mradi damu aimwage chini kama maji. Anayeishi mbali sana aliruhusiwa kuuza zaka yake, kufunga fedha mkononi, na kununua mnyama akifika. Hapo ndipo chakula cha nyama na ibada vilipotengana. Kwa Elkana kula nyama kulikuwa kukaa mbele za Mungu. Kwa mjukuu wa kizazi cha Yosia kulikuwa kula nyama tu, na Mungu alikuwa na anwani moja, mlimani, mwendo wa siku nyingi kutoka nyumbani.

586 hadi 407 KK: unga, ubani na barua kutoka Misri

Majeshi ya Nebukadreza yaliliteketeza hekalu mwaka 586 KK. Muda mfupi baadaye, anasimulia Yeremia, watu themanini kutoka Shekemu, Shilo na Samaria walikuja wamenyoa ndevu na kurarua mavazi, wakileta unga na ubani kwenye nyumba ya Bwana iliyokuwa magofu. Hawakuleta mnyama. Kuchinja kulihitaji madhabahu iliyosimama, lakini unga na ubani viliweza kuletwa hata mbele ya majivu. Wengi wa watu hao waliuawa njiani kwa hila.

Koreshi wa Uajemi alipoitwaa Babeli mwaka 539 KK na kuwaruhusu wahamishwa kurudi, waliorudi walijenga madhabahu kwanza, kabla ya kuweka msingi wa hekalu. Hekalu lilikamilika karibu mwaka 515 KK. Wafalme wa Uajemi waligharimia wanyama, na kwa malipo yake makuhani walimwombea mfalme na wanawe. Mapatano hayo yaliingia katika ibada ya kila siku, na yatarudi tena mwishoni mwa habari hii.

Wakati huo huo, katika kisiwa cha Elephantine kwenye Mto Nile, mbele ya Aswan, askari wa Kiyahudi waliolinda mpaka wa kusini wa Misri walikuwa na hekalu lao na wakitoa sadaka za kuteketezwa. Jirani nao lilikuwepo hekalu la Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume. Mwaka 410 KK makuhani wa Khnum, wakisaidiwa na Vidranga, mtawala wa eneo, waliliharibu hekalu la Wayahudi. Jedania, kiongozi wa jumuiya, alimwandikia gavana wa Yuda mwaka 407 KK akiomba msaada wa kulijenga upya, na papirasi ya barua hiyo tunayo. Jibu lililoandikwa kutoka Yuda na Samaria ni fupi: wajenge, na watoe unga na ubani kama zamani. Juu ya wanyama lilinyamaza. Katika waraka mwingine viongozi wa Elephantine wenyewe wanaahidi kwamba hapatateketezwa tena kondoo, ng'ombe wala mbuzi. Wanahistoria wanabishana kama hiyo ilikuwa heshima kwa Yerusalemu au kukwepa hasira ya majirani waliomheshimu kondoo dume. Nadhani sababu zote mbili zilikuwepo.

Hekalu la pili kwa karibu

Kwa karne zilizofuata moyo wa ibada ulikuwa sadaka ya daima: mwana-kondoo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila siku ya mwaka. Mwaka 167 KK mfalme Antioko Epifane, aliyeitawala Yuda kutoka Syria, aliikomesha na kuinajisi madhabahu. Waasi wa Kiyahudi walioitwa Wamakabayo walipoirudisha mwaka 164 KK walijenga madhabahu mpya, na mawe ya ile ya zamani wakayaweka kando mpaka atokee nabii wa kusema yafanywe nini.

Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa karibu mwaka 200 BK, imehifadhi kumbukumbu za kazi hiyo kwa undani wa mtu aliyeipenda. Makuhani walipiga kura alfajiri kujua nani atachinja, nani atanyunyiza, nani atapandisha viungo. Walifanya kazi bila viatu juu ya sakafu ya mawe, wakila nyama nyingi, na orodha ya maofisa inamtaja Ben Ahiya aliyesimamia maradhi ya tumbo. Damu ilitiririka kwa mfereji hadi bonde la Kidroni, na watunza bustani waliinunua kuwa mbolea. Hayo ndiyo maisha ya hekalu ambalo Herode alianza kulijenga upya karibu mwaka 20 KK.

Umbali ulizaa soko. Msafiri kutoka Galilaya au Babeli hakuja na njiwa kifuani; alinunua hapo hapo. Mishna inasimulia kwamba bei ya njiwa wawili ilipanda mpaka dinari ya dhahabu. Rabani Shimoni mwana wa Gamalieli akaapa kwamba hatalala usiku huo kabla bei haijashuka, akatoa fundisho la kupunguza idadi ya sadaka ambazo mwanamke aliyezaa mara kadhaa alilazimika kuleta, na siku ile ile bei ikaanguka hadi robo dinari ya fedha. Maria, mamaye Yesu, kwa mujibu wa Luka alileta ndege wawili, sadaka ya asiyeweza mwana-kondoo. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja, unaelewa kwa nini bei ya njiwa iliwagusa watu kiasi kile.

66 hadi 70 BK

Mwaka 66 BK Eleazari mwana wa Anania, mkuu wa walinzi wa hekalu, aliwashawishi makuhani wasipokee tena sadaka ya mgeni yeyote. Uamuzi huo ulikata dhabihu ya kila siku iliyotolewa kwa ajili ya Kaisari, mrithi wa yale mapatano ya enzi ya Uajemi. Mwanahistoria Myahudi Josephus anaueleza kuwa ndio msingi wa vita na Roma. Miaka minne baadaye, Warumi walipokuwa wameizingira Yerusalemu, sadaka ya daima ilikoma. Wiki chache baadaye, mwezi Agosti mwaka 70, hekalu likaungua.

Baada ya moto

Wafuasi wa Yesu walikuwa tayari wakifundisha kwamba kifo chake kimekamilisha kazi ya damu, fundisho ambalo Waraka kwa Waebrania unalijenga juu ya Siku ya Upatanisho. Marabi waliokusanyika Yavne chini ya Yohanan ben Zakkai walifuata njia nyingine: sala za asubuhi na alasiri zikashika saa za wana-kondoo wawili, na matendo ya huruma yakafundishwa kuwa upatanisho. Meza ya nyumbani ikapokea chumvi ya madhabahu juu ya mkate. Madhabahu ilirudi nyumbani kwa Elkana, safari hii bila mnyama.

Lakini marabi waliendelea kujifunza sheria za sadaka, ukurasa kwa ukurasa, na kubishana maana yake. Karibu mwaka 1190 Maimonides, akiwa Misri, aliandika kwamba Mungu aliruhusu dhabihu kwa sababu watu waliotoka utumwani wasingeweza kufikiri ibada isiyo nayo. Nahmanides, katika karne iliyofuata, alimkemea vikali: je, Habili na Nuhu hawakutoa sadaka kabla ya kuwapo Mmisri yeyote wa kuigwa? Mabishano hayo nayo hayajakatika.

Lakini si wote walioacha kuchinja. Wasamaria, jirani wa Wayahudi wanaoshika Torati hiyo hiyo, hawakuwahi kuikubali Yerusalemu. Nakala yao ya Torati inasomeka kwamba Mungu amekwisha kuchagua mahali pake, na kwao mahali hapo ni mlima Gerizimu, ambako Yohana Hirkano wa Yuda alibomoa hekalu lao mwishoni mwa karne ya 2 KK. Leo hawafiki watu elfu moja. Kila Pasaka hukusanyika mlimani, huchinja kondoo jua linapozama, huwaoka wazima katika mashimo ya moto, na hula usiku huo huo, kila familia na mgao wake. Kinachosalia huteketezwa kabla ya asubuhi.